Chupa Zisizotaka Sabuni

Watu wa jengo lile la utafiti walimwita Bwana Sabuni, na jina lake la kwenye cheti likabaki kwenye faili la ofisini, halisumbuliwi na mtu. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia katika chumba kimoja chenye masinki matatu, dirisha moja na rafu zilizojaa vyombo vya kioo vya kila umbo: vyenye shingo ndefu, vyenye matumbo, na vingine vidogo kama kidole cha mtoto. Watafiti wa juu walivichafua, yeye akaviosha. Kesho yake wakavichafua tena, naye hakuwahi kunung'unika.

Alikuwa na namna yake ya kuosha. Kwanza alifuta maandishi ya kalamu kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha maji ya moto na sabuni, na brashi ikazunguka ndani mpaka kwenye pembe ambako jicho halifiki. Kisha akasuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Mwisho alikiinua chombo dirishani akatazama. Maji yakiteremka kama pazia moja bila kukatika, chombo kimetakata. Yakijikusanya vitone vitone, basi kuna mafuta yamejificha, na chombo kinarudi sinkini bila kuombewa msamaha.

Kwa vyombo alikuwa hodari, ila mbele za watu alikuwa mtu wa haya. Akikuta watu watatu wamesimama kwenye korido wakizungumza, alirudi nyuma, akatoka nje, akazunguka jengo zima na kuingia kwa mlango wa nyuma, mradi tu asiwapite katikati. Mkewe, fundi cherehani aliyekuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, alipenda kuwasimulia wateja wake habari za siku ya harusi yao.

"Bwana harusi haonekani!" alisema huku cherehani ikinguruma. "Wazee wanamtafuta, mpiga picha anamtafuta, mimi nimekaa kama sanamu. Mnajua alikutwa wapi? Nyuma ya nyumba, amekunja mikono ya shati, anaosha sahani za wageni!"

"Zilikuwa nyingi," Bwana Sabuni alijitetea kila mara, huku akitazama vidole vyake.

Katika jengo lile kulikuwa na mashine moja iliyowekwa chumba cha peke yake, chenye baridi mchana kutwa. Kwenye karatasi iliitwa spektrometa ya masi, lakini kila mtu aliiita Mizani. Ilikuwa sanduku kubwa jeupe lililonguruma taratibu kama mtu mnene aliyelala vizuri. Kwa miaka mingi Bwana Sabuni aliijua kwa kuipita mlangoni tu. Aliyemfungulia mlango huo alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyefika pale miaka miwili iliyopita kusomea udaktari wa utafiti. Hakuwa daktari bado, lakini wafagiaji walishampa jina la Dokta Mdogo, ili cheti kikija kikute jina linakingoja.

Siku yake ya kwanza, Dokta Mdogo alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Watafiti wengine waliusukuma mkokoteni wa vyombo vichafu mpaka mlangoni, wakauacha hapo, wakaondoka zao. Yeye aliingia ndani.

"Shikamoo, baba. Hivi naviweka wapi?"

Bwana Sabuni alionyesha kwa kidevu.

"Na vilivyo safi nachukulia wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili.

"Haya. Na chai unakunywa saa ngapi?"

Hapo kidevu hakikutosha, ikabidi aseme. "Saa nne."

Tangu siku hiyo, saa nne ikigonga, Dokta Mdogo alishuka na kikombe chake, akageuza ndoo, akaikalia. Alisema ukumbi wa chai wa juu una makelele. Alizungumza yeye, Bwana Sabuni akasikiliza, na wote wawili wakaona mgawanyo huo wa kazi ni wa haki.

"Baba, protini unaijua?" alimuuliza siku moja.

"Ya maharage."

Dokta Mdogo alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hiyo hiyo! Lakini hata wewe mwenyewe umejengwa nayo. Damu yako imejaa maelfu ya aina za protini, na kila moja ina kazi yake. Sasa fikiria mkufu wa shanga. Shanga zenyewe ni aina ishirini hivi tu, na karibu kila aina ina uzito wake. Ukizipanga huku unapata mkufu huu, ukizipanga kule unapata mwingine. Protini ni mkufu wa namna hiyo, ila mdogo sana, jicho haliuoni."

"Sasa mtu anaujuaje?"

"Nakatakata. Nina dawa inayokata mikufu hiyo, na ina nidhamu, haikati ovyo. Inakata penye shanga za aina mbili tu. Napata vipande. Mizani inavipuliza kama manyunyu, inavitia umeme kidogo, halafu inavirusha ndani ya bomba lisilo na hewa hata kidogo. Kipande chepesi kinafika mapema, kizito kinachelewa. Kwa hiyo inajua uzito wa kila kimoja. Kisha inakivunja tena, inapima na vile vipande vyake. Kompyuta inatazama kwenye orodha ndefu, inasema: uzito huu na vipande hivi vinatoka kwenye mkufu fulani."

Bwana Sabuni alikuwa anasugua chupa, na mkono ulipunguza mwendo.

"Kama mama watoto," akasema hatimaye. "Ukifagia pale kwake ukaokota kipande cha kitambaa, hata kiwe kama ukucha, atakwambia: hii ni sare ya shule fulani, na hapa palikuwa kwenye kwapa."

Dokta Mdogo alijipiga paja. "Baba wee! Miaka miwili natafuta namna ya kumweleza mama yangu kazi ninayofanya, kumbe jibu liko kwenye sinki!"

Bwana Sabuni aliinama juu ya chupa yake asionekane anavyotabasamu. Alikuwa na wana wawili waliokwenda kuishi mbali na kupiga simu mara moja kwa mwezi. Binti hakupata. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba asubuhi, anapofungua mlango wa chumba chake, kitu cha kwanza anachofanya ni kuifuta ile ndoo.

Kile alichokuwa anakitafuta Dokta Mdogo hakikuwa cha mchezo. Katika hospitali jirani, akina mama kumi na wawili walikubali kutolewa damu kidogo mimba zikiwa changa, wote wazima, wanacheka. Baadaye sita kati yao walipatwa na kifafa cha mimba. Shinikizo la damu likapanda, macho yakaona giza, mwili ukatetemeka, na mmoja hakurudi nyumbani. Dokta Mdogo aliamini kwamba ndani ya ile damu ya mwanzo, kabla mtu hajaumwa hata kichwa, kulikuwa na protini iliyokuwa imeshabadilika, na kwamba ikijulikana ni ipi, mama mwingine anaweza kuonywa mapema. Mimba zile zilikwisha, na damu ya siku zile haiwezi kutolewa tena. Sehemu kubwa aliitumia katika majaribio ya kuanzia. Kwa kila mama lilibaki fungu moja dogo ndani ya friza, la kupimwa mara moja tu.

Mashine ilikuwa na fundi wake, mtu mkali asiyependa vitu vyake viguswe. Juu ya Mizani zilikaa chupa tatu kubwa zenye maji maalumu yanayosukuma vile vipande kuelekea ndani, na chupa hizo alizishughulikia fundi mwenyewe. Kisha fundi akapata kazi mji mwingine. Alikabidhi funguo, vitabu na orodha ya vipuri, akaagwa kwa makofi. Habari ya chupa hakuikabidhi. Kwake ilikuwa jambo la mkono tu, na la mkono mtu hakumbuki kulisema.

Dokta Mdogo akawa anajijazia mwenyewe. Kila Ijumaa mchana alimwaga maji yaliyobaki, akaziacha chupa zimeinamishwa mezani, na Jumatatu akatia maji mapya.

Ijumaa moja Bwana Sabuni aliingia kuchukua vyombo, akaziona. Ndani, kwenye kitako cha chupa mojawapo, palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya majani, kama ule unaoota kwenye mtungi uliosahaulika. Moyo ulimuuma. Alimfikiria binti yule, macho mekundu kwa kutazama kioo cha kompyuta siku nzima, halafu anatumia chupa kama hii kwa sababu hana wa kumsaidia! Akazibeba zote tatu kifuani. Alizipa maji ya moto, sabuni ile bora aliyoitunza kabatini kwa vyombo vigumu, na brashi mpya. Akasuuza mara tatu na mara tatu, akainua dirishani, na maji yakateremka kama pazia. Akazirudisha mezani vilevile zilivyokuwa, zimeinama. Hakusema neno. Kwake ilikuwa kama kumfunika mtu shuka akiwa usingizini, jambo ambalo hulitangazi.

Ijumaa iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Na iliyofuata. Ijumaa tano.

Katika wiki hizo, Dokta Mdogo alianza kunywa chai kimyakimya. Kisha akawa anasahau chai ikapoa. Alisema Mizani imeharibika. Alibadilisha bomba jembamba la kutenganishia vipande, akaagiza maji mapya kutoka kiwanda kingine, akabadilisha hata mipira ya mikononi. Profesa, mkuu wa kitengo, ambaye sauti yake ilifika kabla yake kama kengele ya shule, alimwambia mbele ya wenzake kwamba mashine ile inagombewa na watu wanne, na kwamba yeye si mlezi wa yatima. Wiki hii ikiisha bila matokeo, nafasi inakwenda kwa wengine, na sampuli zinarudi friza mpaka hapo atakapojaliwa.

"Na mimi nafasi yangu ya masomo inaisha mwezi ujao," Dokta Mdogo alisema akiwa juu ya ndoo. "Nikikosa sasa nimekosa, baba. Na wale akina mama watakuwa wametoa damu bure."

Siku ya Jumatano saa nne ilipita na ndoo ikabaki tupu. Bwana Sabuni alipanda juu kumpelekea kikombe. Alimkuta mbele ya kompyuta, kidevu juu ya ngumi.

"Njoo uone kinachonimaliza," alisema bila kugeuka. "Hii ni damu ya kujaribia tu, si ya wale akina mama, na hapa palitakiwa kuwa na vilele vya vipande vyake. Badala yake, ona."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari iliyosimama, mmoja baada ya mwingine, umbali sawa kabisa, ikipanda na kushuka kama mgongo wa kilima. Ilionekana kama ngazi iliyolazwa chini.

"Kila kipandio, arobaini na nne," alisema Dokta Mdogo. "Uzito unaongezeka arobaini na nne, na arobaini na nne, na arobaini na nne. Protini haina nidhamu ya namna hiyo. Hiki ni kitu kilichotengenezwa kiwandani. Sabuni, kwa mfano. Sabuni inakaa hivihivi. Kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukinusa, na Mizani inakisikia kama baragumu, vipande vyangu havisikiki tena. Lakini mimi sabuni siigusi! Nimejikagua mpaka kucha."

Bwana Sabuni alikufa ganzi. Alifungua mdomo. Ulimi ukawa mzito kama umefungwa jiwe. Ndipo sauti ya Profesa ilipoingia chumbani, ikafuatwa na Profesa mwenyewe, na Bwana Sabuni akaweka kikombe mezani, akateleza kandokando ya ukuta mpaka nje.

Jioni ile, nyumbani, alikula matonge mawili akasukuma sahani.

"Chakula kimekukosea nini?" mkewe akauliza. Alikuwa ameshika sindano mdomoni, anapachika kifungo.

"Hakijakosea."

"Basi umekosea wewe. Sema."

Akasema. Ilimchukua muda, kwa sababu alirudi mara mbili kueleza jinsi ule utando ulivyokuwa, wa rangi gani, na jinsi ulivyoshikilia. Mkewe alitoa sindano mdomoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, cherehani, redio na yeye mwenyewe vilinyamaza pamoja.

"Na ulimfanyia hivyo kwa kumpenda," akasema.

"Nilidhani namsaidia."

"Najua. Wewe ukiachwa na jiwe utalisugua mpaka lione haya." Akamsogelea. "Sasa sikiliza, baba watoto. Kesho unamwambia."

"Nitamwaga unga, mama watoto. Miaka ishirini na miwili. Watasema mwosha vyombo gani huyu anayechafua kwa kuosha?"

"Waseme. Tutakula kwa cherehani. Lakini yule mtoto anajitafuta kosa mpaka kwenye kucha, na kosa unalo wewe mfukoni. Utalala nalo?"

Bwana Sabuni alitafuta karatasi, akaandika, "Dokta, naomba radhi, chupa," akaikunja. Akaandika nyingine, akaikunja. Ya tatu mkewe aliichukua akaipasua.

"Kwa mdomo. Jikaze. Mtu anayekuletea habari yake kwa mdomo kila siku saa nne, nawe unampa karatasi?"

Asubuhi alifika mapema, lakini si mapema ya kutosha. Alipopanda ngazi, alisikia sauti ya Profesa. Chumba cha Mizani kilikuwa na watu: Profesa, madaktari wawili kutoka hospitalini waliokuja kuona kazi, na Dokta Mdogo amesimama mbele ya mashine, uso umemshuka. Mkononi alikuwa na kitrei chenye vichupa kumi na viwili.

"Tia," Profesa alikuwa anasema. "Bomba jipya, maji mapya, unangoja nini zaidi? Leo ndiyo leo. Wageni wana saa moja."

"Profesa, jaribio la maji matupu, yasiyo na damu, bado lina ngazi. Fupi, lakini ipo. Nikiyatia mafungu haya nimeyamaliza."

"Na usipoyatia yatazeeka kwenye friza. Tia, binti yangu."

Dokta Mdogo alivuta pumzi, akafungua kijimlango cha mashine, akakiingiza kitrei. Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta.

Watu wanne kwenye chumba kimoja. Siku yoyote nyingine Bwana Sabuni angeshazunguka jengo. Alisimama mlangoni, aproni imelowa kwa jasho la mikono yake mwenyewe, akasema:

"Msitie."

Hakuna aliyesikia. Profesa alikuwa anawaeleza wageni bei ya mashine.

"Msitie!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata yeye mwenyewe alishtuka na kutazama nyuma yake. Vichwa vyote viligeuka.

"Ni sabuni," akasema. "Ni mimi. Zile chupa za juu. Nimeziosha."

"Umeziosha?" Profesa alikunja uso. "Nani alikuagiza uzioshe?"

"Hakuna. Moja ilikuwa na utando."

"Kwa hiyo miezi yote hii tunahangaika…"

"Wiki tano," alisahihisha Bwana Sabuni, maana hakupenda kitu kisemwe bila usahihi. "Ijumaa tano. Kila Ijumaa saa nane."

Daktari mmoja wa hospitali alicheka kidogo, akajizuia. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, na hilo lilikuwa jambo geni. Dokta Mdogo aliondoa mkono kwenye kompyuta. Alikitoa kitrei taratibu kama anayemtoa mtoto kitandani, akakirudisha kwenye barafu. Kisha akamgeukia.

"Jana, nilipokuonyesha, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaondoka."

"Ulimi ulikataa."

Binti alimtazama, macho yamejaa maji, na hayakuwa ya furaha. "Ningeyatia, baba. Dakika moja tu. Ningeyatia yote."

Akampa mgongo, akaanza kufungua mirija ya chupa.

Profesa hakumfukuza. Alimwambia Dokta Mdogo kwamba anampa mpaka Jumatatu: sampuli ya kwanza ikitoka safi, mashine ni yake wiki nzima, ikitoka na ngazi, basi. Kwa Bwana Sabuni alisema tu, "Wewe rudi kazini," na Bwana Sabuni akarudi, akaosha vyombo vya siku ile kwa mikono iliyojiogopa. Kila alipoinua brashi alijiuliza ni nani mwingine anayemharibia bila kujua. Saa nne aliifuta ndoo. Hakuja mtu. Ijumaa aliifuta tena. Hakuja mtu.

"Amekasirika," alimwambia mkewe.

"Ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize. Ila wewe usijifiche, maana nakujua. Akitaka kukuona akuone."

Kwa hiyo Jumapili, jengo likiwa limefungwa na mlinzi anasoma gazeti, Bwana Sabuni alivaa shati lake la kutokea, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha Mizani. Dokta Mdogo alikuwa peke yake. Kwa siku tatu alikuwa anapitisha maji maalumu kwenye mabomba, kutwa nzima, ili mabomba yatapike sabuni iliyojibanza ndani. Chupa zile tatu aliziondoa. Sakafuni palikuwa na boksi lenye nyingine mpya.

Alimwona. Hakutabasamu, lakini aliinama, akatoa chupa mpya, akamnyooshea pamoja na jozi ya mipira ya mikononi.

"Hizi zinasuuzwa na maji yaleyale zitakayobeba. Mara tatu. Bila sabuni, bila brashi, bila kitambaa. Halafu basi. Hata ukiona kitu, usikisugue. Niite mimi."

"Bila brashi," alirudia Bwana Sabuni.

"Bila brashi."

Alisuuza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mkono wa kulia ulitafuta brashi wenyewe, kama mzazi anavyotafuta leso akiona kamasi kwa mtoto. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona alama ndogo karibu na shingo, kidole kikainuka.

"Baba!"

"Sijagusa."

"Nakuona."

"Natazama tu. Kutazama pia kuna sabuni?"

Hapo binti akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, akakifunika kwa mkono. Akaja akaitazama ile alama.

"Ni kioo chenyewe," akasema. "Kimezaliwa hivyo."

Wakasuuza zilizobaki pamoja. Jioni jaribio la maji matupu lilitoa ngazi iliyobaki na vipandio vinne, vidogo kama miiba ya samaki. Dokta Mdogo akaacha mabomba yaendelee kusafishwa mpaka kesho.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi maji matupu yalitoka matupu kweli. Dokta Mdogo alitoa kichupa cha kwanza kwenye barafu. Alikishika kati ya vidole viwili, akakitazama kama anayetaka kukisemesha.

"Huyu ni mama wa namba tatu," alimwambia Bwana Sabuni. Hakumwambia aondoke. Alisogeza kiti kwa mguu. "Kaa. Inachukua saa moja na nusu."

Bwana Sabuni alikaa kwenye ncha ya kiti. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kukaa juu ya kiti katika ghorofa ile.

"Huyu mama," akauliza, "ni katika wale walio…"

"Aliugua. Lakini yupo. Na mtoto yupo. Anatembea sasa."

Akabonyeza. Mizani ikabadilisha mngurumo kidogo. Kwa dakika kumi za kwanza kioo kilikuwa mstari mtupu, na wote wawili walisahau kupumua. Kisha kilele kikachomoza. Kingine, kirefu. Vifupi viwili vimebanana. Kimoja cha pembeni, hakifanani na mtu. Vilikuwa kama watu wa ukoo mmoja waliopangwa kupigwa picha, hakuna wawili wa kimo kimoja. Kwenye pembe ya kioo palikuwa na hesabu ya vipande vilivyotambuliwa. Wiki tano zote haikuwahi kupita mia mbili. Sasa ilisoma mia nne. Mia tisa. Elfu moja na mia tatu.

"Baba," Dokta Mdogo alinong'ona. "Vinasikika."

"Ndiyo."

"Nitazame kidogo tu, halafu niandike…"

Hakuandika. Siku nne alikuwa amelala vipande vipande, na sasa mwili ulidai haki yake yote kwa mpigo. Kichwa kiliinama juu ya mkono, miwani ikapinda, akalala palepale, mdomo wazi kidogo. Bwana Sabuni aliinuka bila kukikwaruza kiti sakafuni. Aliitoa ile miwani kwa ncha za vidole, kama anavyoshika kioo chembamba kuliko vyote, akaiweka mezani mbali na ukingo. Kisha akarudi kukaa, mikono magotini, macho kwenye kioo, analinda.

Elfu mbili. Elfu mbili na mia sita.

Saa tatu na nusu korido ilijaa sauti. "Haya, leo tumepata nini humu, ngazi au…" Mlango ulifunguliwa, na Profesa akaingia kwa kishindo chake chote.

Bwana Sabuni alisimama. Aliweka kidole mdomoni.

"Shii," akamwambia. "Amelala."

Profesa alibaki na mguu mmoja hewani. Alimtazama mwosha vyombo, akamtazama binti, kisha akatazama kioo kutoka pale pale mlangoni, akasoma ile hesabu ya pembeni, akaisoma tena. Nyusi zilipanda. Akaushusha mguu polepole, kwanza vidole, kisha kisigino.

"Nitarudi saa nne," alinong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kama sauti ya mtu mwingine kabisa.

Bwana Sabuni alimtazama yule binti aliyelala, akafikiri.

"Saa tano," akasema.

Profesa akatikisa kichwa kukubali, akafunga mlango kwa mikono miwili.